Daftari Halitoki Dukani

Kocha hakuwa na filimbi. Alikuwa na funguo za duka, kumi na moja katika pete moja ya chuma, na alipotaka mazoezi yasimame alizigonga kwenye bomba la kupashia joto lililopita ukutani mwa ukumbi. Mlio ule ulikimbia ndani ya bomba hadi vyooni, na wasichana kumi na wawili walisimama papo hapo, mipira ikadunda yenyewe hadi ikatulia. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitumie filimbi, kwa kuwa dukani kwake zilining'inia kwenye kadi karibu na vifutio vya penseli.

"Filimbi ni ya polisi," alisema. "Mimi mwenye duka. Mwenye duka akigonga funguo, watu wanajua mambo yamefungwa."

Jibu hilo halikunitosheleza wakati ule na halinitoshelezi sasa. Ninaanza nalo kwa sababu karibu majibu yake yote yalikuwa ya namna hiyo. Yalikuwa na mwanzo na mwisho, lakini swali langu lilibaki nje, limesimama kwenye baridi.

Duka lilikuwa Queensbury, kaskazini mwa London, si mbali na kituo cha treni, kati ya muuza sari na wakala wa nyumba. Liliuza karatasi, bahasha, na kadi za Diwali na za Krismasi katika rafu moja. Kwenye kona kulikuwa na mashine ya fotokopi, na juu ya kaunta mashine ya faksi. Niliingia humo katikati ya miaka ya tisini, mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamivu katika takwimu, ili kutoa nakala ya sura moja ya utafiti. Karatasi ilikwama. Nilinong'ona neno ambalo mama yangu, kule Morogoro, asingependa kulisikia.

"Usiitukane, dada," sauti ikasema kwa Kiswahili safi cha Mwanza. "Imetoka kwa fundi juzi. Bado ina kidonda."

Nikageuka nikamwona mzee wa Kihindi aliyevaa sweta la kijivu lenye vifungo, kifungo cha tatu kikiwa cha kahawia kwa sababu kile cha asili kilipotea kabla sijamfahamu. Aliniuliza ninasoma nini. Nilipomjibu alinitazama jinsi mtu anavyomtazama fundi bomba aliyebisha hodi wakati maji yanafurika jikoni.

"Takwimu za nini?"

"Za makadirio."

"Basi kaa," alisema, akanisogezea stuli.

Kila mtu alimwita Kocha: wateja, mleta barua, akina mama wa Kikongo waliokuja kutuma faksi za karatasi zao za uhamiaji. Kila Jumamosi asubuhi alifunga duka, wakati ambao maduka jirani yalijaa, akachukua basi hadi ukumbi mmoja wa kukodi Wembley kuwafundisha wasichana mpira wa kikapu. Wengi wao walikuwa mabinti wa familia zilizotoka mashariki ya Kongo. Walielewa kila neno alilowaambia kwa Kiswahili, na walimjibu kwa Kiingereza, naye hakuonekana kugundua kwamba mazungumzo yale yalikuwa na lugha mbili.

Kikapu cha upande wa jukwaa kilikuwa chini kuliko cha pili kwa upana wa kiganja. Mtu mwingine angelalamika kwa wenye ukumbi. Kocha aliwalazimisha wasichana kurusha mitupo huru kumi upande huu na kumi upande ule. "Huko mnakokwenda," aliwaambia, "hamtachagua kikapu."

Wote walijua huko ni wapi.

Msomaji asiyefuatilia michezo ya Marekani anahitaji maelezo mafupi, nami nitayatoa kwa uangalifu kwa sababu kosa lote limelala humo. Vyuo vikuu vya nchi ile havichezi ovyo ovyo. Vimejipanga katika makundi, kila kundi likiitwa konferensi, na chuo hucheza zaidi na wenzake wa kundi lake. Kila mwaka makocha wa vyuo huzunguka katika shule za sekondari kusajili wasichana, kama klabu zetu zinavyosajili wachezaji, ila msichana halipwi mshahara. Hupewa masomo, chumba, chakula na vitabu. Konferensi inayosajili wasichana wengi wenye vipaji ndiyo husemwa ina nguvu.

Kocha alizipa konferensi hizo majina yake mwenyewe. Ya kusini aliiita Joto. Ya kaskazini mashariki, Makoti. Ya pwani ya magharibi, Machungwa. Ya katikati, kwenye mashamba yasiyo na mwisho, aliiita Mahindi. Swali lililomtawala lilikuwa moja: kati ya hizo ni ipi yenye nguvu ya kweli katika usajili, na binti kutoka ukumbi wenye vikapu visivyolingana aende ipi?

Hakuwahi kukanyaga Marekani. Alipanda ndege mara moja tu maishani, kuja London, na alidai masikio yake bado hayajatua. Lakini mpwa wake aliyeishi huko alimtumia magazeti ya michezo kwa posta, yakifika yamechelewa wiki tatu, na yeye mwenyewe alituma faksi kwa makocha wa vyuo akiomba vijitabu vya timu zao. Alivipata. Nadhani waliomjibu walimfikiria kuwa taasisi. Alikuwa na uwezo wa kukuambia ni kijiji gani cha Mahindi chenye uwanja ulio na benchi za mbao, lakini alipokwenda Tooting, kusini mwa London, kuchukua boksi la bahasha alipotea, akarudi bila bahasha, akawalaumu waliochora ramani ya treni.

Alikuwa na mikinzano mingi, nami, kwa kuwa ni mtu wa kupanga vitu, ilinichosha. Aliwakataza wasichana kupitisha mpira nyuma ya mgongo, akisema ni majivuno. Dukani nilimwona akipitisha pakiti nzima ya karatasi nyuma ya mgongo wake na kuidaka kwa mkono wa pili, alipodhani hakuna anayetazama. Alisema chakula kabla ya mazoezi ni sumu, na chakula baada ya mazoezi ni uvivu, kisha kila Jumamosi alikuja na deli la bagia na chupa ya chai ya tangawizi. Binti ambaye hakufikisha mitupo yake kumi alipigwa kikofi mkononi akisogelea deli. Dakika mbili baadaye binti huyo huyo alipewa bagia tatu ndani ya karatasi, huku Kocha akitazama upande mwingine, kana kwamba mkono uliotoa ulikuwa wa mtu asiyemfahamu.

Na kulikuwa na daftari.

Kwa hakika yalikuwa madaftari manne, yenye majalada magumu meusi, lakini aliyataja kwa umoja. Kila chuo kilikuwa na ukurasa wake. Kila msichana aliyesajiliwa alichorewa kijiti kimoja, kama vile vijiti tulivyohesabia darasa la kwanza: kirefu kwa yule aliyesifiwa magazetini, kifupi kwa wa kawaida. Msimu baada ya msimu, ukurasa ulijaa vijiti hadi ukafanana na uzio.

Sheria ilikuwa moja, nayo aliitamka kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja bei ya stempu: "Daftari halitoki dukani." Aliyetaka kuona alitolewa nakala katika mashine ya kona. Hata kwenye kaunta hakukuruhusu kulishika. Alilifungua upande wake, mkono mmoja ukiwa juu yake kama anakinga upepo. Nilikaa kwenye stuli ile kwa misimu miwili na sikuwahi kuligeuza ukurasa kwa kidole changu.

Sasa niseme habari za Furaha.

Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kupita wenzake wote, mwenye mikono iliyofika kwenye mpira kabla ya macho yako. Mama yake alitoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na alisafisha ofisi alfajiri kabla ya wenye ofisi kuamka. Msimu ule Furaha aliletewa barua mbili, zote za ufadhili kamili. Moja ilitoka chuo cha Joto, nyingine chuo cha Mahindi. Alikuwa na wiki tatu za kujibu. Hakuna binti wa ukumbi ule aliyewahi kupata barua hata moja, na nyumbani kwao hapakuwa na njia nyingine ya kulipia chuo kikuu. Akichagua vibaya, hapakuwa na barua ya tatu.

Mama Furaha alikuja ukumbini akiwa bado na sare ya kazi, bahasha mbili mkononi.

"Kocha, miye sijue basketi," alisema. "Minajua tu kama mutoto wangu iko murefu na viatu vyake viko bei kali. Uniambie. Aende wapi?"

"Mahindi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mimi nakuambia."

"Ile haiko sababu, Kocha. Ile ni kichwa nguvu." Wasichana walicheka, lakini mama hakucheka. "Kanisani wataniuliza. Minataka karatasi. Karatasi ya kompyuta, yenye kuonyesha namba."

Kocha alizungusha funguo kidoleni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiandika alama, kazi aliyonipa bila kuniuliza. Akaniita kwa jina alilonibandika tangu siku ya kwanza.

"Msomi, mtengenezee mama jedwali."

Niliikubali kazi ile kwa furaha ambayo sasa inanifanya nifumbe macho ninapoikumbuka. Alinitolea nakala za kurasa zote, rundo zito kama mkate. Kwa wiki mbili niliacha utafiti wangu. Nilihesabu kila kijiti. Kwa kuwa urefu wao ulibeba maana, niliupima kwa rula, milimita kwa milimita, nikatenga pia kiwango cha makosa yanayotokana na kutetemeka kwa mkono. Niligundua kwamba kila msimu ulikuwa na vijiti vya safu mbili, ya juu na ya chini. Nikafanya uchunguzi, nikajua kwamba vyuo vya Marekani husajili mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, nikaridhika: safu ya juu ni ya vuli, ya chini ni ya masika. Nilijipongeza kwa kugundua hilo bila kumsumbua.

Nikajumlisha safu zote mbili. Joto ilishika nafasi ya kwanza, mbali na wengine. Mahindi ilikuwa ya nne.

Kocha alilisoma jedwali mara tatu akiwa amesimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akalisoma mara ya nne.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umeangalia vizuri?"

"Kocha, nimepima kila kijiti."

"Kila kijiti," alirudia. Mteja mmoja aliingia, akanunua kalamu, akatoka. "Sawa. Mimi nimeishia darasa la nane, wewe unaandika kitabu. Kompyuta imesema."

Aliliingiza jedwali ndani ya bahasha mpya, ile ya gharama, na Jumamosi akamkabidhi Mama Furaha kwa mikono miwili.

Nilimuuliza Furaha mwenyewe, tukisubiri basi, anataka kwenda wapi. Alinijibu kwa Kiingereza, akitafuna bagia, kwamba atakwenda popote ambapo mama yake ataacha kuuliza maswali. Mama yake alikuwa amekwisha kuacha kuuliza. Jedwali lilikuwa ndani ya mkoba wake, katikati ya Biblia, na lilionyeshwa kwa kila mtu baada ya ibada. "Muone," aliwaambia, "namba moja. Kompyuta njo imesema." Furaha alitia saini kwenda Joto.

Mwaka wa kwanza alicheza dakika chache. Mwaka wa pili chuo kilisajili kundi jipya, akasogea mwisho wa benchi. Goti lilimgeuka mazoezini. Ufadhili wa namna ile, jambo ambalo sisi wote hatukulijua, hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na chuo kinaweza kuacha kuuhuisha. Hawakuuhuisha wa kwake. Alirudi Wembley na begi moja na bandeji ya goti, bila shahada, bila barua.

Siku nilipopata habari nilikwenda dukani. Sikujua nilitaka kusema nini. Nadhani nilitaka kusikia kwamba ni bahati mbaya, na kwamba bahati mbaya haina mahali katika jedwali. Kocha alikuwa ameinama kwenye kaunta, daftari wazi. Kwa mara ya kwanza mkono wake haukulikinga. Alichukua kalamu nyekundu kutoka kwenye kopo, akachora kijiti kimoja kirefu, taratibu, kama mtu anayechora mstari juu ya ngozi.

Ukurasa ulikuwa wa kile chuo cha Joto. Safu za juu zilikuwa za bluu. Safu za chini, zote, tangu msimu wa kwanza hadi ule, zilikuwa nyekundu.

"Hicho ni cha nini?" niliuliza.

"Furaha."

"Kwa nini chekundu?"

"Aliyefika, bluu. Aliyeondoka kabla ya kumaliza, nyekundu. Kila mwaka naangalia orodha mpya ya timu, nani hayumo."

"Kwa nini usikate tu kile cha bluu?"

"Mtoto hakatwi."

Akapeleka macho yake kutoka kwenye kalamu hadi kwenye mashine ya kona. Ilikuwa mashine ya zamani, ya wino mweusi mtupu. Kisha akanitazama. Sijawahi kuona uso ukielewa jambo taratibu namna ile.

"Si ulipima kila kijiti?" alisema.

Nilikuwa nimevipima. Nilikuwa nimempa kila msichana aliyekimbia, aliyeumia, aliyeachwa, thamani ya msichana mpya aliyesajiliwa. Kadiri konferensi ilivyowatema watoto, ndivyo jedwali langu lilivyoiita yenye nguvu. Kocha alipomwambia mama yule Mahindi, hakuwa na kichwa nguvu. Kurasa za Mahindi zilikuwa karibu zote za bluu.

Mteja aliingia akiuliza bahasha za ndege. Nilitoka.

Ninapaswa kuwa mwaminifu kuhusu hasira yangu, kwa sababu imeishi muda mrefu kuliko aibu. Nilimkasirikia. Neno moja, "nyekundu", lingetosha. Alikuwa na wiki mbili za kulisema, na alikuwa na dakika zile za kufuta miwani, ambapo alijua, kwa miaka yote aliyochora kwa mkono wake, kwamba jedwali lile halikufanana na daftari lake. Aliliamini kwa sababu lilikuwa limechapwa. Mtu aliyebishana na posta, na ramani nzima ya treni za London, hakuthubutu kubishana na karatasi yangu. Kisha hasira inageuka, kama kawaida yake, kwa kuwa kuna jambo ambalo sijamwandikia mtu yeyote hadi sasa. Nilikuwa nimewahi kuona wekundu. Mara moja, juu ya bega lake, kati ya vidole vyake. Nikadhani kalamu ya bluu ilimwishia wino, akachukua iliyokuwa karibu. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, na sikuuliza, kwa kuwa sikutaka mwenye duka anifundishe kusoma data.

Sikurudi dukani, wala ukumbini. Nilihamia upande mwingine wa mji. Nilisimamisha utafiti kwa miaka miwili. Kila nilipofungua jedwali niliona uzio mweusi. Niliporudi chuoni nilibadili mada, na hadi leo sijamaliza. Msimamizi wangu anasema ninahakiki mno. Anasema kwa upole, nami sina namna ya kumweleza.

Miaka sita ilipita. Mwaka huu, siku ya Ijumaa, nilikuwa Queensbury kwa shughuli nyingine, nikapita mbele ya duka kwa upande wa pili wa barabara, kama mtu anayelikwepa jengo. Kwenye mlango palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: Duka linafungwa kabisa kesho. Nikavuka.

Rafu zilikuwa tupu. Faksi haikuwapo tena juu ya kaunta. Mahali pake palibaki mraba safi usio na vumbi. Mashine ya kona bado ilikuwapo, imebandikwa jina la mtu aliyeinunua. Kocha alikuwa amekaa kwenye ile stuli yangu, amepungua ndani ya sweta lile lile. Kifungo cha kahawia kilikuwa bado mahali pake, ila viwili vingine vilikuwa vimetoka.

"Msomi," alisema, bila mshangao. "Umekuja kutoa nakala?"

Nilikuwa nimetunga hotuba kwa miaka sita, yenye utangulizi na sehemu tatu. Niliitoa yote nikiwa nimesimama. Nilieleza kuhusu safu mbili, kuhusu vuli na masika, kuhusu wekundu niliouona nikaupuuza. Alisikiliza huku akizungusha funguo. Nilipomaliza akauliza:

"Sasa unataka nikufanye nini? Nikutukane?"

"Ndiyo."

"Mimi nauza bahasha. Matusi sina, na hata bahasha zimekwisha."

"Kocha, mimi nasema jambo la maana!"

"Nami nakujibu. Si mimi niliyekwenda kusini. Kwa nini unanieleza mimi?" Alielekeza funguo upande wa Wembley. "Mwenye goti yupo. Anatunza wazee siku za wiki, Jumamosi anafundisha watoto pale pale ukumbini. Hizi funguo nampa yeye kesho. Kufuli zinabadilishwa, hazifungui kitu tena, lakini bomba bado lipo."

Nikamuuliza kama Furaha anajua.

"Sehemu yangu anaijua. Nilikwenda nikamwambia: niliona karatasi ile si ya kweli, nikaogopa kompyuta. Nikamwambia mbele ya mama yake."

Kwa miaka sita nilikuwa nimemngoja aseme maneno hayo, na alikuwa ameyasema zamani, ila si kwangu. "Akasemaje?"

"Mama alilia. Furaha akanitupia mpira." Akagusa kifua chake, chini ya shingo. "Kwa nguvu. Pasi nzuri sana. Wiki iliyofuata akaja kufundisha." Akanitazama juu ya miwani. "Yako haijui. Sikumwambia. Ile ni yako."

Kisha akavuta daftari kutoka chini ya kaunta. Lilikuwa la tano, sikuwahi kuliona. Alilifungua upande wake, mkono juu yake, kama zamani, halafu akafanya jambo la kushangaza: akauondoa mkono, akanigeuzia daftari.

Halikuwa la vyuo. Ulikuwa ukurasa wa ukumbi wetu, majina kwa mwandiko wake uliolala kushoto, na mbele ya kila jina vijiti vyake. Furaha alikuwa na cha bluu, kisha chekundu, kisha cha bluu tena. Chini yake kulikuwa na jina langu. Kijiti kimoja cha bluu, kirefu. Kijiti kimoja chekundu, kirefu vilevile.

"Mimi sikuwa mchezaji," nilisema.

"Uliandika alama." Akagonga kijiti chekundu kwa ukucha. "Unadhani nyekundu ni kosa. Wote mlifundishwa shuleni kwamba nyekundu ni kosa. Nyekundu kwangu ni: ulizia kaenda wapi. Hawa watoto wa Marekani, kila chekundu kimoja, nilituma faksi kuuliza. Wengine walinijibu. Na wewe nilikutumia, chuoni kwenu. Faksi tatu."

Sikuwa chuoni wakati ule. Nilikifikiria kikapu cha waya kando ya mashine ya idara, na karatasi tatu ndani yake zikipauka.

Nilimwomba anipe daftari lile, nilitunze.

"Daftari halitoki dukani."

"Kocha, duka lenyewe linafungwa kesho!"

"Kesho. Leo si liko wazi?"

Akashuka kwenye stuli, akavuta miguu hadi kwenye kona, akaiwasha mashine, na tukaisubiri ipate joto. Aliulaza ukurasa juu ya kioo kwa viganja viwili. Mwanga ukapita. Karatasi ikatoka bila kukwama, naye akaipigapiga ile mashine ubavuni kama mtu anayemsifu punda. Nyuma ya nakala aliandika kwa kalamu ya bluu: Jumamosi, saa nne. Nilikuwa ninajua saa ya mazoezi. Alijua kwamba ninajua.

Niliisoma nikiwa ndani ya basi. Katika wino ule mweusi mtupu jina langu lilikuwa na vijiti viwili vinavyolingana, na mtu asiyeelewa, mwenye rula na jeuri ya kutosha, angeapa kwamba nimefika mara mbili. Nikaikunja mara moja tu, ili mkunjo usipite kwenye majina, na nikaanza kutafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia Furaha, nikijua kwamba nitakayoipata haitafaa, na kwamba kesho nitapaswa kusimama umbali wa kurushiwa mpira.